Ng'ombe wa Hiribae Warudi Kunywa

Josephine alikuwa akiziba ua wa shamba lake kwa matawi ya miiba, upande unaopakana na malka, ng'ombe wa Hiribae waliporejea. Ilikuwa adhuhuri ya siku ya mnada wa mifugo mjini Garsen, na kwa kawaida hakuna kundi linaloteremka mtoni saa hizo, kwa kuwa wenye mifugo wote wamo mnadani wakibishana. Malka ni njia ya mifugo inayopita katikati ya mashamba hadi ukingoni mwa mto Tana. Wakulima Wapokomo huiacha wazi, nao wafugaji Waorma huahidi kwamba ng'ombe hawatatoka nje yake. Ahadi hiyo huvunjwa kila kiangazi, kisha huwekwa upya mbele ya chifu, kwa chai na mkate.

Josephine aliinua kichwa akiwa tayari kumtukana mtu. Aliona kwanza kwamba kundi halikutimua vumbi. Kisha akaona kwamba ng'ombe wa mbele, jike la rangi ya chai ya maziwa, alipita karibu kabisa na mahindi yaliyochungulia nje ya ua bila hata kuyageuzia pua. Jambo hili la pili ndilo lililomfanya aweke panga chini. Katika maisha yake yote kando ya malka, hakuwahi kumwona ng'ombe mwenye adabu.

Kila ng'ombe alikuwa na sikio la kushoto lililochanwa mara mbili, na pajani alama ya chuma cha moto: mwezi mchanga juu ya mstari. Alama hiyo ilijulikana kuanzia Garsen hadi Bangale kuwa ya ukoo wa Hiribae. Baadhi yao walikuwa na matundu mbavuni, na kupitia matundu hayo mtu aliweza kuona mto. Nyuma yao alikuja Hiribae mwenyewe, fimbo begani, kikoi kilekile kiunoni. Alikuwa amekufa tangu kiangazi kilichotangulia. Hilo halikuwa siri; lilitangazwa redioni.

"Hiribae," Josephine akasema, "ng'ombe wako wamefundishwa wapi heshima?"

"Ng'ambo ya mpaka," akajibu Hiribae.

Hakuwaacha ng'ombe wanywe. Aliwazuia kwa fimbo, akasimama, akangoja aulizwe. Hiyo ndiyo sheria ya malka. Anayefika kutoka mbali hutoa kwanza habari za njiani, na habari hizo huulizwa kwa mpangilio mmoja usiobadilika: amani, watu, mifugo, nyasi, maji. Anayejibu hakatizwi, wala hapunguzi wala haongezi. Anayekunywa kabla ya kutoa habari huhesabiwa mwizi, na anayetoa habari za uongo huhesabiwa mwizi aliyesoma. Josephine hakuwa Mworma, lakini alikuwa ameisikia shughuli hiyo ng'ambo ya ua wake tangu alipoolewa, na siku hiyo hapakuwa na mtu mwingine. Akapangusa mikono, akauliza.

Amani ilikuwepo, Hiribae akasema, hadi saa za kukamua asubuhi. Watu walikuwa yeye na Duba, mpwa wa mkewe. Duba amebaki huko kwa kuwa hakupata miguu ya kurudi nayo. Mifugo ni hawa. Nyasi zilikuwa nzuri mno, zimefika magotini, na ndizo zilizowavusha mpakani wakati huku kwetu ardhi imepasuka. Maji walikuwa wameyaona kwa mbali, yaking'aa. Hawakuyafikia.

"Basi wanywe," akasema Josephine.

Wakanywa. Walikunywa muda mrefu, na mto haukupungua, wala matumbo yao hayakujaa.

*

Chifu Kotile alifika jioni kwa pikipiki. Alikuwa mtu mwangalifu ambaye hakupenda jambo litokee katika eneo lake kabla ya kuarifiwa. Alilizunguka kundi, akauliza kama lina kibali cha malisho, akaambiwa halili. Aliuliza kama limechanjwa. Maurine, afisa wa mifugo, alikuwa amekwisha kujaribu. Sindano ilipita upande wa pili na kumchoma msaidizi wake kidoleni. Kwa kuwa hakuona dalili za ugonjwa wowote, aliwaandika kuwa wenye afya njema. Chifu akaridhika. Alisema kwamba mfugo usiokula mazao ya mtu, usioambukiza na usiogombewa si tatizo la utawala, na akaomba radhi kwa kuwa alikuwa na mkutano.

Lakini Amina, mjane wa Hiribae, alikuwa na tatizo la utawala.

Kiangazi kile ambacho Hiribae alivuka mpaka, kambi ya Taifa Rafiki ilikuwa imetoa tangazo. Kambi hiyo ipo upande wa pwani, nyuma ya ua ambao haumo katika ramani yoyote, na ndege zake zisizo na rubani hupita juu ya mto kwenda kaskazini kila siku kama watu waliosahau kitu. Serikali yetu iliikaribisha, na baadaye ikaarifiwa kwamba imeikaribisha. Taifa Rafiki lina kambi za namna hii katika nchi nyingi sana, kiasi kwamba askari wake wakiamka asubuhi hulazimika kuulizana wamo kwa rafiki gani. Lenyewe halijawahi kukaribisha kambi ya mtu. Si kwa uchoyo. Hakuna rafiki aliyewahi kufikiria kuomba.

Tangazo lilisema kwamba msafara wa adui umeangamizwa ng'ambo ya mpaka, kwamba maadui wawili wameuawa na magari yao kuteketea, na kwamba hakuna raia aliyedhurika. Hapakuwa na majina. Majina yalifahamika pale watu wawili waliokuwa na ng'ombe mahali hapo, siku hiyo, walipokosa kurudi. Tangu hapo Hiribae alikuwa adui. Alikuwa amepata cheo hicho bila kukiomba, na bila kujua.

Cheo hicho kilirithiwa na binti yake. Kadra alikuwa amemaliza kidato cha nne na kuitwa katika chuo cha wauguzi. Chuo kilitaka kitambulisho cha taifa. Katika sehemu hizi kijana mwenye jina kama lake hupitishwa kwanza mbele ya kamati ya uhakiki, na kamati ilikuwa imemweleza kwa upole kwamba mtoto wa adui hawezi kuandikishwa kuwa raia kabla ya suala la baba yake kutatuliwa. Alipouliza litatatuliwaje, walimwambia kwamba kwa kawaida mhusika mwenyewe huja kujieleza.

Kwa hiyo Amina alipoteremka malka siku ya pili na kumkuta mumewe amesimama majini, hakupoteza wakati. Alimuuliza habari kwa mpangilio wake wote, akasikiliza bila kukatiza, hata pale palipomhusu Duba, aliyekuwa mtoto wa dada yake. Kisha akafunga mtandio vizuri.

"Baba Kadra," akasema, "umechelewa, lakini umekuja wakati unaohitajika. Kesho utakwenda Garsen ukaseme mbele ya kamati kwamba hukuwa adui. Na uvae shati."

Hiribae akasema shati lake liliungua.

"Yapo mengine nyumbani. Sikugawa hata moja. Watu walinisema, sikugawa."

*

Alikwenda. Ng'ombe hawakukubali kubaki nyuma, kwa hiyo walipita katikati ya mji, mbele ya maduka na stesheni ya mafuta, hadi ofisini. Dereva wa lori la Malindi alipiga honi, akachoka, akapita katikati yao, nao wakajikusanya tena nyuma yake. Wauza miraa walimwamkia Hiribae, naye akaitikia. Mmoja alimwambia Kadra kwamba baba yake amekonda.

Kamati ilikuwa na watu watatu na mwenyekiti. Walimpa kiti. Mwenyekiti aliomba kitambulisho cha Hiribae, kilichokuwa kimeungua nusu, akalinganisha nusu ya picha iliyosalia na nusu ya uso iliyosalia, akasema kwamba hana shaka kuhusu utambulisho wa shahidi. Hiribae akatoa habari kwa mpangilio: amani, watu, mifugo, nyasi, maji. Walimsikiliza kwa heshima. Mjumbe mmoja, aliyekuwa amelelewa na wafugaji, alipangusa macho.

"Mzee, sisi tunakuamini," mwenyekiti akasema alipomaliza. "Ng'ombe wako pale nje tumewaona. Wala hatuna nia mbaya na binti yako, ana alama nzuri. Lakini elewa utaratibu. Sisi hatukukupiga. Aliyekupiga ndiye anayejua ulikuwa nani."

Amina akauliza kama mtu mwenyewe hawezi kujua alikuwa nani.

"Anaweza kujua, mama. Lakini haandikwi kwa kujua kwake."

Wakashauriwa wasubiri. Taifa Rafiki lilikuwa limejenga tangi la maji kando ya malka, zawadi kwa jamii, na Meja kutoka kambini angekuja wiki hiyo kulikabidhi. Kama Meja angesema neno moja tu, kwamba yule alikuwa mchungaji, kamati ingetia sahihi siku hiyohiyo. Mwenyekiti aliahidi kuja na kalamu, na alitimiza ahadi hiyo.

*

Siku ya sherehe mahema mawili yalisimamishwa, moja la wageni na moja la kuwakinga wenyeji jua. Tangi lilikuwa kubwa, la buluu, na lilikuwa na maandishi yaliyosema kwamba maji ni uhai. Lilijengwa hatua chache kutoka mtoni, mahali ambapo maji hayajawahi kukosekana, kwa sababu barabara ya kwenda kule yanakokosekana ni mbaya na gari la wapiga picha lingekwama.

Meja alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye ngozi iliyochubuliwa na jua letu. Jina lake lilikuwa gumu kutamka, kwa hiyo watu walimwita Meja, naye alionekana kushukuru. Aliandamana na mkalimani, Abdikarim, kijana wa Garsen aliyepata kazi kambini na kujenga kwao nyumba ya matofali. Meja alikuwa amefundishwa kwamba mgeni anayefika malka huulizwa habari. Aliipenda desturi hiyo. Alikuwa ameisoma.

Ng'ombe wa Hiribae walikuwa wakinywa nyuma yake, chini ya ukingo. Josephine, ambaye shamba lake ndilo lililokuwa jirani na tangi, alichaguliwa kuuliza kwa niaba ya wenyeji, kwa kuwa Waorma hawakukubaliana nani kati yao aulize na Wapokomo wengine waliona haya.

Akauliza amani.

Meja akasema, na Abdikarim akafasiri, kwamba amani imeongezeka kwa kiwango cha kuridhisha.

Akauliza watu.

Watu wote ni salama, Meja akasema. Hakuna raia aliyedhurika. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesoma, ingawa mikono yake ilikuwa mitupu.

Akauliza mifugo.

Meja akasema kwamba shughuli za kambi haziigusi mifugo. Nyuma yake jike la rangi ya chai ya maziwa aliinua kichwa kutoka majini, na maji yakamtoka ubavuni kwa mikondo miwili, yakirudi mtoni.

Akauliza nyasi. Meja hakuwa na habari za nyasi. Huko anakotazama kutoka juu, nyasi hazionekani. Akauliza maji. Hapo Meja akatabasamu, akaonyesha tangi.

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa ilikuwa sherehe. Kisha Amina akasimama. Hakupangwa katika ratiba, na mshereheshaji alijaribu kumketisha, lakini chifu alimpa ishara amwache, kwa sababu kumketisha Amina kungechukua muda mrefu zaidi.

Alimwomba Meja ageuke. Meja akageuka. Wakatazamana, yeye na ng'ombe, kwa muda. Hiribae alimsalimia kwa mkono wa kulia, naye Meja akainua wake nusu, kama mtu aliyeitwa na asiyemkumbuka.

"Wale ndio magari yenu," Amina akasema. "Na yule ndiye adui. Kambi yako ilisema yeye ni adui, na kwa neno hilo binti yangu hana kitambulisho, na chuo kinafunguliwa mwezi ujao. Sikuombi ng'ombe. Sikuombi unirudishie mume, amekwisha kurudi. Nakuomba useme tu kwamba alikuwa mchungaji. Mwenyekiti yule pale ana kalamu."

Mwenyekiti akaiinua kalamu ili ionekane.

Abdikarim alifasiri yote. Meja alisikiliza akitazama mtoni. Alipojibu, alisema kwa sauti ya chini, kwa lugha ya kwao, maneno mengi kidogo. Abdikarim hakufasiri. Alitazama viatu vyake. Alikuwa na viatu vizuri.

"Abdikarim," akasema Josephine, "mimi nilikubeba mgongoni mama yako alipolazwa. Sema alichosema."

Abdikarim akasema.

"Meja anasema anamwona. Anasema hata siku ile, wale waliokuwa wakitazama kwenye skrini, mmoja wao alisema hawa wanatembea kama ng'ombe. Aliambiwa angoje kuulizwa. Anasema ni mchungaji, hana shaka. Lakini akisema huyu alikuwa mchungaji, ataulizwa kuhusu wa wiki iliyofuata. Na wa nchi nyingine. Anasema wako wengi, mama, katika nchi ambazo yeye mwenyewe hajui kuzitaja. Wote waliandikwa kwa kalamu moja. Anasema huwezi kumfuta mmoja bila wote kuanza kusimama."

Mshereheshaji alikagua ratiba yake. Kisha msichana akaleta kibuyu cha maziwa, kama ilivyopangwa, na Meja akakipokea kwa mikono miwili, kama alivyosoma. Wazee wa Kiorma walitazamana. Alikuwa ametoa habari mara mbili, moja ya uongo kwa sauti kubwa na moja ya kweli kwa sauti ndogo, na desturi haikuwa imeliona jambo hilo. Walinong'ona, na mwishowe wakaamua kwamba anaweza kunywa nusu.

Alikunywa yote. Alikuwa na kiu, na hakuna aliyemfasiria uamuzi huo.

*

Mambo yalipangwa vizuri baada ya hapo. Kambi ilituma timu ya kuchunguza, nayo ikathibitisha kwamba ng'ombe wapo, kwamba wamekufa, na kwamba kwa kuwa kifo chao kilitokea katika msafara wa adui, ni ng'ombe wa adui. Picha zilizopigwa siku ya sherehe zilitoka safi. Zinamwonyesha Meja, tangi na mto, na katika mto duara nyingi za maji yaliyotikiswa na kitu kisichoonekana. Moja ilichapishwa katika kalenda. Mkataba wa Abdikarim haukuongezwa, kwa sababu ya usahihi wa tafsiri yake. Sasa anaendesha bodaboda kati ya Garsen na Bura, na abiria husema ana maneno machache. Meja alihamishiwa kwa rafiki mwingine.

Kamati ya uhakiki ilikaa tena. Mwenyekiti, ambaye roho ilimuuma, alimwita Kadra mwenyewe na kumpa kiti kilekile. Alimweleza kwamba suala limesonga mbele. Hapo awali Kadra alikuwa mtoto wa adui aliyekufa. Sasa, kwa kuwa baba yake anaonekana hadharani kila siku na mamia ya watu, ni mtoto wa adui aliyepo, na kanuni za watu wa namna hiyo ni kali zaidi. Hata hivyo hakukuwa na haja ya kuogopa. Alitakiwa tu kuripoti kwa chifu kila Ijumaa kama amekutana na baba yake.

Kadra huripoti. Chifu Kotile humuuliza kama amekutana naye, yeye husema ndiyo, na chifu huandika. Wakati mwingine Hiribae mwenyewe huwa nje, akimngoja arudi naye malka, na chifu humwamkia dirishani.

Chuo kilifunguliwa na kikajaa. Rafiki zake walimtumia picha wakiwa wamevaa sare nyeupe. Alizitazama zote, akamwandikia kila mmoja kwamba amependeza, kisha akateremka mtoni. Siku hizi ndiye anayelipokea kundi, kwa kuwa Josephine ana mahindi ya kuvuna na ameanza kusema hadharani kwamba laiti ng'ombe wote wangekuwa kama wale. Kando ya tangi kimewekwa kibao kinachosema kwamba eneo hili la kunyweshea ni zawadi ya wananchi wa Taifa Rafiki. Ng'ombe wa Hiribae hawajawahi kunywa kutoka kwenye tangi. Huteremka hadi mtoni na kusimama nje ya maji, wakingoja baba na binti wamalize.

Kadra huuliza. Amani, watu, mifugo, nyasi, maji. Baba yake hujibu kama siku ya kwanza, bila kupunguza wala kuongeza, hadi maji ambayo hawakuyafikia. Kisha, kama sheria inavyotaka, huwa zamu ya aliyefika kumuuliza mwenyeji habari za nyumbani, na Hiribae huuliza kwa mpangilio uleule, ambao hakuna mtu katika bonde hili aliyewahi kuubadili tangu mifugo ianze kunywa hapa. Amani ipo, baba. Watu ni wazima. Mifugo ni ile michache ya mama. Nyasi zinaanza. Maji yapo.

Halafu Hiribae huongeza swali la sita.

"Na kitambulisho?"

"Bado, baba."

Hiribae hutikisa kichwa, hushusha fimbo, na ng'ombe huingia majini. Jana, walipokuwa wakinywa, sauti nyembamba ilipita juu sana, ikielekea kaskazini. Makundi mengine yalikuwa malka wakati huo, ya watu wa Garsen, yamenenepa kwa nyasi mpya, na hayakuacha kunywa. Ng'ombe wa Hiribae waliinua vichwa vyote kwa pamoja na kuifuata sauti kwa macho hadi ilipokwisha. Kadra akangoja. Kisha wakainamisha vichwa, wakaendelea.